Mganga Anataka Moto

Jumamosi, 21 Juni 2025

Uhamisho wa Haruni umetoka. Anakwenda kufundisha Bumbire, kisiwani, na yeye ndiye msimulizi wa gemu letu la mezani, lile la kuigiza mashujaa kwa dadu. Bila yeye hakuna gemu. Kwa hiyo tunamalizia Sabasaba, nyumbani kwa kina Ishengoma huko Muleba. Siku hiyo tunapigana na Joka, halafu basi!

Nimehuzunika. Kisha nikajiuliza: yaani nitamaliza nikiwa mganga?

Miaka miwili sasa. Siku ya kwanza, tulipochagua klasi, yaani kazi ya kila shujaa, Awadhi alichukua mpiganaji, Ishengoma akachukua mwizi, wakanigeukia. Wewe si nesi? Basi mganga! Hakuna aliyeniuliza. Kutwa nafunga vidonda vya watu zahanati, Jumamosi nafunga vya Awadhi. Na anavyopenda kujeruhiwa huyo! Akiona mlango anaupiga teke kwanza.

Mimi nataka kuwa mchawi wa moto. Nataka kuunguza kitu!

Sheria ya Haruni ni hii. Ukifanya jambo la maana unapewa punje za kahawa, ile ya kutafuna, unaweka kwenye kikombe chako. Kikijaa, unabadili klasi na ujuzi wa zamani unabaki nao. Ukibadili kabla hakijajaa, ruksa — ila ujuzi wa zamani unapotea wote. Changu kimebakiza kidogo tu. Nasubiri. Mimi si mjinga.

Jumamosi, 28 Juni

Mjinga ni mimi.

Tulikuwa kwa Ishengoma hapa mjini, mtaa wa Bakoba. Nimemtibu Awadhi, nimewaokoa wote kwenye daraja, kikombe kikajaa mpaka juu. Kimejaa! Nafungua kinywa nitangaze — hodi. Shangazi yake Ishengoma, Ma Kokuberwa, ametoka Muleba, amepita kusalimia. Tukasimama, shikamoo shangazi, karibu, akaketi. Na mimi, sijui nilipatwa na nini. Mgeni ameketi, na huku mgeni hupewa kahawa atafune, nayo iko mbele yangu... nikakishika kikombe kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikampa.

Akashukuru, kasinge, mwanangu. Akaanza kutafuna.

Moto wangu! Anatafuna huku anatupa habari za migomba na za harusi ya jirani. Awadhi ameuma kofia yake asicheke. Ishengoma ananitazama kama mtu aliyekuja kunipa pole. Sasa nani atamnyang'anya shangazi kahawa? Na alipoaga, zilizobaki akazifunga kwenye pindo la kitenge, za njiani.

Haruni alicheka mpaka machozi. Kisha akatoa hukumu: iliyotafunwa haina rufaa, tena nimemkirimu mgeni mwenyewe kwa hiari yangu. Akanipa punje moja kwa ajili ya adabu njema. Moja! Mwalimu wa fizikia ni mtu wa ajabu.

Kikombe hakiwezi tena kujaa kabla ya Sabasaba. Ama nife mganga, ama nibadili na uganga upotee.

Jumatano, 2 Julai

Awadhi kapita zahanati, eti ananiletea maandazi. Najua kilichomleta! Akaniomba nisibadili. Bila mganga Joka litawamaliza kabla ya chai. Nikamwambia ajifunze kukwepa. Akasema mpiganaji hakwepi.

Tulicheka. Alipoondoka nikakasirika, tena nimekasirika kweli. Maandazi nimeyala yote.

Nimeamua. Zamu yangu ya kwanza tu, nabadili.

Jumapili, 6 Julai

Nimepiga pasi gauni jekundu. La moto, bwana!

Jumatatu, 7 Julai — Sabasaba

Muleba. Naandika nyuma ya jiko la Ma Kokuberwa. Mapigano yamesimama.

Zamu ya kwanza sikubadili. Ishengoma alikanyaga mtego wa sumu, ningemwachaje? Nikasema ya pili. Ya pili, Awadhi. Ya tatu, Awadhi tena!

Sasa Joka limechoka, limebaki na jicho moja. Na Awadhi kalala miguuni pake. Haruni akatangaza kwa ile sauti yake nzito: yuko chini, damu inamtoka, amebakiwa na pumzi moja. Ma Kokuberwa akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Yuko wapi huyo mgonjwa? Na nesi amekaa tu?! Mawee, tulicheka mpaka viti vikalia. Alipoeleweshwa akasema hakuna atakayepigana nyumbani kwake na njaa, twende tukale. Matoke na samaki. Nani atakataa?

Mimi nimekula haraka nikaja huku. Mambo yako hivi. Nikimtibu Awadhi anaamka, lakini Joka linaruka na kutoroka, na gemu ndio limeisha hivyo. Nikibadili, napiga moto mara moja. Dadu ikinipa tano au sita, Joka kwisha. Nikikosa, Awadhi amekufa na uganga sina tena.

Nilidhani atakuja kunibembeleza. Kaja kweli, sahani mkononi, mdomo umejaa. Akasema niache nilale hapo, Shamsa. Umeniinua vya kutosha. Unguza. Akarudi kuongeza samaki.

Hivyo tu!

Nilitakiwa niruke kwa furaha. Badala yake nimekaa hapa na gauni langu jekundu, na ninachokitaka, Mungu wangu, ni kumwinua. Leo hajaniomba. Hakuna aliyeniagiza. Kwa mara ya kwanza nataka kumtibu mimi mwenyewe, na moto nao bado nautaka vilevile!

Haruni anaita. Sahani zimeshaondolewa. Nimeondoka na dadu mfukoni, kwa hiyo hawawezi kuanza.

Sasa ni Ishengoma anayepaza sauti, eti ni zamu yangu.

Najua ni zamu yangu!