Mayai ya Mama Chebet Kwenye Mnada

Mama,

Kanisa lako linanitia kichefuchefu. Naanza hivyo kwa sababu hukupenda mtu azunguke na maneno, na hapa Chepseon sina mwingine wa kumwambia.

Tangu tukuzike biashara iko sawa, hiyo usiwe na wasiwasi. Lori la waru, viazi vyetu, linapakia kama kawaida na wale wateja wako wasumbufu bado wananisumbua. Shida ni pasta mpya. Anakuhubiri, Mama. Kila Jumapili ni wewe: mama aliyempa Mungu, Mungu naye akampa duka, lori na shamba la majani chai. Ile mvua iliyokunyeshea sokoni ukiuza kabeji umejifunika gunia, haitaji. Anasema umaskini ni dalili ya mtu anayemficha Mungu kitu.

Sasa anataka nikae mbele, kwenye vile viti vya sponji vya watu wanaotoa vizuri. Wazee wa kanisa wameniambia wazi kwamba mtoto wako hawezi kukaa nyuma. Na nilikuwa nimeanza kukubali. Nilidhani ndivyo nitakavyoendeleza jina lako.

Halafu ikafika Jumapili ya mavuno. Unakumbuka ulivyokuwa unafanya kwenye mnada, ibada ikiisha na vitu vya sadaka vikianza kuuzwa? Watu waliposhindania jogoo na mikungu ya ndizi, wewe ulingoja kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Kabeji iliyoliwa na wadudu. Mahindi machache kwenye kitambaa. Ulikinunua bila kelele, ukalipa vizuri, ukakitia kikapuni. Nikiwa mdogo niliona aibu, nikidhani hujui kuchagua. Jioni mwenye kitu alipita kwetu jikoni, akanywa chai, akarudi kwake na kikapu, kitu chake kikiwa bado ndani. Hamkuzungumzia chochote ila mvua na watoto.

Mwaka huu pasta alishika maikrofoni mwenyewe. Wanaume wawili wanaotaka kura zetu walipigania kondoo dume mpaka watu wakapiga miluzi, ndani ya kanisa. Ndipo zamu ya Mama Chebet ikafika, yule mjane wa hapo juu anayechuma majani chai kwenye mashamba ya watu. Alikuwa ameleta mayai kwenye mkebe. Pasta aliuinua, akachungulia ndani, akasema, "Mungu wetu ni mkubwa, jamani. Tumletee vitu vya ukubwa wake."

Watu wakacheka. Mama, watu waliotoka kwenye meza ya Bwana saa hiyo hiyo, mkate haujashuka vizuri kooni, wakamcheka mjane.

Hasira zikanipanda. Niliinua mkono nikataja bei ya kununua kondoo. Pasta nusura aruke. Aliniita mbele, akanishikisha mkebe, akaambia vijana wapige picha. Eti hiyo ndiyo roho ya mama yangu, eti mbegu niliyopanda itanirudia kwa malori. Kwaya ikaimba. Nami nimesimama pale nimetoa meno. Kisha, mbele ya wote, nikamgeukia Mama Chebet nikamrudishia mayai yake, nikidhani nimefanya kama wewe.

Hakuyapokea. "Hayo nilimletea Mungu," alisema polepole. "Sikukuletea wewe." Akajifunga leso, akatoka nje.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Pasta alikuwa ameshaanza kunadi ndizi. Nilimchukia, lakini niliyemchukia zaidi alikuwa mimi. Yeye anakutumia wewe kujisifu, na mimi nilikuwa nimemtumia Mama Chebet.

Kesho yake nilimfuata shambani, akichuma majani na kikapu mgongoni. Nilimwambia pole. Alitupa majani kikapuni bila kugeuka. "Mama yako hakuwahi kunitaja mbele ya watu," akasema. Kisha akahamia mstari mwingine, akaendelea kuchuma.

Jioni pasta alinipigia simu kwamba kiti changu kiko tayari. Nikamwambia ampe mwingine. Akauliza kwani sitaki baraka tena. Nikamjibu baraka ninazo, nauza waru. Nilichokuja kutafuta kanisani ni Mungu, na hapo mbele sijamwona.

Mama, sitahama kanisa. Nikihama nitakuwa nimemwachia pasta na watu wake nyumba uliyobebea mawe ikijengwa. Sitajifanya maskini pia. Duka nitalikuza na lori la pili nitanunua, Mungu akipenda. Lakini haki ya Mungu, hakuna atakayeona tena mkono wangu ukitoa.

Jumapili iliyopita nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mama Chebet hakuja. Nilimwekea nafasi kando yangu, na mzee mmoja aliponiambia nisogee, nilikataa. Nitamwekea Jumapili hii na zile zingine zote, mpaka aje.

Lala vizuri, Mama.

Mtoto wako,
Wambui