Kipimo cha Wazazi

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Nimesema uongo leo. Sijamwambia mtu yeyote. Naandika kwa Kiswahili, nilichokulia nacho Tanzania, kwa sababu Shangazi Adventina anakisikia kidogo, cha sokoni, lakini hakisomi. Na tunalala chumba kimoja hapa Musinzira.

Ilikuwa hivi. Kwenye kituo cha afya ninapojitolea tangu nimalize shule, kila mwanamke aliyevuka miaka thelathini, hata akija kwa jino au malaria, tunamweleza kuhusu kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Bure. Muuguzi Salima anapaka siki kidogo, anatazama kama panageuka peupe, basi. Kazi yangu ni kupita kwenye benchi na kuwaalika. Mimi! Ambaye darasani nilikuwa nanyoosha mkono nusu halafu naushusha.

Maneno yale hayanitoki. Mlango wa kizazi — mbele ya wanawake walio sawa na mama yangu! Nikatafuta neno la heshima. Nasema kwa Kirundi: kipimo cha abavyeyi. Yaani cha wazazi. Wanaelewa, wanacheka kidogo, wananifuata. Mwajuma, yule anayeuza vitenge, aliuliza siki ya nini, kwani sisi kachumbari? Benchi zima lilicheka. Nilijiona nimepata njia.

Leo Shangazi alikuja kwa ajili ya kikohozi chake. Nikasema kama kawaida, wazazi wanifuate. Naye akakunja miguu, akasogea hadi mwisho wa benchi ili wazazi wapite.

Shangazi hajazaa.

Niliona. Nilielewa palepale. Ilikuwa niiname tu, nimwambie sikioni: na wewe pia. Lakini ningeanzaje? Shangazi ndiye anayemfundisha msichana mambo ya mwili, si msichana kumfundisha shangazi. Na watu wote wangejua kwa nini nimemrudia yeye peke yake. Nikapita.

Salima akauliza, na shangazi yako?

Nikasema: amekataa.

Jumatano, 12 Novemba

Nilijaribu kusema «wanawake wote». Mwajuma alikuja tena, safari hii na dada yake, akauliza wote wa nini, wote wa wapi? Wakanitazama. Nikarudia kusema wazazi.

Salima anasema nina haya kama bibi harusi. «We mtoto wa Tanzania, Kiswahili yako iko ya redio, lakini sauti iko wapi? Ongeza kidogo, sha!»

Nyumbani Shangazi alikuwa ameniwekea ndizi na maharage, amefunika na sahani. Yeye alishakula, alisema. Sufuria ilikuwa safi mno.

Jumapili, 7 Desemba

Muyinga. Nimekuja kuwasalimia wazazi. Magari hakuna, mafuta hakuna, nilifika nimechakaa. Mama anawaambia majirani kwamba Vumilia wake sasa anakaribia kuwa daktari. Nilitamani kujificha nyuma ya kabati.

Tulipokuwa tunamenya mihogo, Mama aliuliza kama wifi yake ameshapimwa. Yeye mwenyewe amepimwa hapa Muyinga, hakuna tatizo. Nikasema bado. Mama akasema nimwambie, lakini nimwambie vizuri. Halafu akanisimulia kitu ambacho sikukijua. Shangazi aliolewa huko Mutoyi, akarudishwa kwao kwa sababu ya kukosa mtoto. Tangu siku hiyo, kanisani padre akiwaita wazazi wapewe baraka, yeye anatoka nje. Anasimama uani mpaka wimbo uishe.

Mama alisema haya akiwa ameinamia kisu. Nikasema nitamwambia. Ndiyo Mama, nitamwambia.

Jumapili, 14 Desemba

Sijamwambia. Kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nina njaa.

Alhamisi, 8 Januari 2026

Shangazi anafua vitambaa vyake alfajiri, kabla sijaamka, na anavianika nyuma ya choo. Leo niliamka mapema. Maji ya beseni yalikuwa mekundu.

Hedhi yake ilishakoma mwaka juzi, aliwahi kusema mwenyewe.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Noeli. Akasema pengine ni kazi ya shamba. Nikamwambia kesho tunaenda. Sauti ilitoka! Ilitoka ikiwa imeshachelewa.

Ijumaa, 9 Januari

Salima alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alikuwa amekasirika, na Salima akikasirika anasema kwa nguvu, mlango wazi.

«Bon, mama, ona sasa! Mtoto wa kaka yako alikuambia hapahapa. Kwa nini ulikataa?»

Nilikuwa nimeshika pamba. Shangazi alinitazama. Mara moja tu, si kwa muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikataa. Niliona anavyotafuta jibu, kisha niliona amelipata.

«Ni kweli,» akasema. «Nilikataa. Niliogopa.»

«Yooo! Kichwa ngumu!» Salima akaandika barua ya kumpeleka hospitali.

Njiani alitembea mbele, nami nyuma. Nilingoja anigeukie. Anitukane, anizabe hata kofi. Karibu na nyumbani alisema mwavuli wangu umetoboka, atautafutia mtu wa kuushona. Na mlangoni akasema: «Kazi yako ni nzuri. Usije ukaiacha.»

Sikula. Sistahili kula chakula chake.

Jumanne, 20 Januari

Hospitali wamekata kinyama kidogo, kimepelekwa Bujumbura kupimwa. Tunangoja jibu. Daktari anasema kama ni saratani, pengine imewahiwa, pengine haikuwahiwa.

Lakini si hilo tu. Salima amepata hadithi. Kila asubuhi anasimama mbele ya benchi: «Iko mama mmoja hapahapa Musinzira. Aliambiwa na mtoto wa kaka yake mwenyewe, akakataa! Sasa damu iko inatoka. Nyinyi mnataka hiyo?» Wanawake wanasonya. Mwajuma akasema huyo ana kiburi, huyo anajiona. Halafu wanapanga foleni ya kipimo — wengi kuliko zamani!

Hataji jina. Hana haja. Bombani jana waliacha kuongea Shangazi alipoweka dumu lake chini. Mmoja akamuuliza kama bado anakataa vitu vya bure. Wakacheka. Shangazi naye akacheka, akajitwika dumu.

Mimi nilikuwa nyuma yake na dumu dogo. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Sikuisema.

Alhamisi, 22 Januari

Kesho Salima anaenda semina. Mkunga atapima, na mimi ndiye nitakayesema na benchi. «Utaieleza we ile hadithi ya shangazi yako,» akasema. «Kutoka kwako itawaingia zaidi. We ndiye ulimuambia, si ndiyo?»

Nikaitikia kwa kichwa.

Na kesho Shangazi atakuwepo. Jibu limefika, wameagiza akalichukue kituoni. Atakaa kwenye benchi lile, mwishoni, na miguu ameikunja.

Sasa jua linazama. Yuko uani anapiga pasi blauzi yangu nyeupe kwa pasi ya makaa. Anapuliza majivu yasidondoke kwenye kola. Nimejifungia chumbani najaribu maneno. Mlango wa kizazi. Mlango wa kizazi. Ni cha kila mwanamke, aliyezaa na asiyezaa. Shangazi yangu hakukataa. Mimi sikumwambia.

La mwisho lilitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Pasi ikanyamaza nje.

Akauliza, unasema nini, Vumilia?

Nikasema: nasoma tu, Shangazi.

Uongo mwingine! Umetoka bila hata kukwama, kama salamu.

Pasi imeanza tena. Wewe unayesoma hapa, kama kuna siku utakuwepo — usimwambie mtu. Usimwambie Salima, usimwambie Mama. Nitunzie siri hii hadi kesho, benchi likijaa.

Amebisha hodi. Blauzi iko tayari, anasema, nifungue.