Nguo Nilizoanua Cádiz

Mama mpenzi,

Mgongo wako unaendeleaje? Bado unavuka mpaka pale Petite Barrière na beseni la samaki wako wa sambaza kichwani, au umekubali kupumzika kama daktari alivyosema? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio bado unatetemeka, na acha nikuambie kwa nini.

Jumapili yule bibi ninayemtunza alichukuliwa na mwanawe, nikapata siku yangu. Nikapanda basi kwenda Cádiz, mji wa baharini wa huku Hispania, nipunguze mawazo ya karatasi za ukaaji. Unajua ninavyozingoja. Zikitoka, Noeli niko nyumbani, baada ya miaka minne. Zikikataliwa, basi tena.

Nilifika, na mvua ikafika. Bahari sikuiona, ilikuwa ukungu mtupu. Nikakimbilia nyumba ya kwanza niliyokuta mlango wazi, nikagama, nikajikinga mvua kama mtu yeyote wa kwetu. Ndani kulikuwa na ua mdogo usio na paa, na kamba imejaa nguo, mashuka meupe yanaanza kulowa. Nikapiga hodi mara mbili, kimya. Mama, ningefanyaje? Si wewe uliyetulea na neno lako: «Mvua ikianza, mwenye iko karibu na kamba anaanua. Mwenye nguo tutamuuliza nyuma»? Nikavua viatu nisichafue sakafu, nikaanua zote, nikaketi kwenye ngazi za ndani nikizikunja.

Nilikuwa nimefika kwenye soksi mwenye nyumba aliposhuka. Alipiga ukelele ambao sijawahi kupigiwa na mtu. Mimi nikatabasamu, mjinga mimi, nikingoja asante. Kumbe yeye ameshika simu, anaita polisi, huku akipanda ngazi kinyumenyume. Mama, yule mwanamke alikuwa ananiogopa. Mimi, ambaye hata kuku wako nilishindwa kuwachinja.

Polisi wawili walikuja upesi. Nikawaonyesha karatasi ya maombi yangu, nayo imelowa, wino umetapakaa. Wakanieleza kwamba mama huyu akishtaki, jambo litaingia kwenye faili langu. Nilihisi Noeli inaniponyoka pale pale. Nikajitetea kwa Kihispania changu cha jikoni: mvua, nguo, kwetu. Mmoja wao, mtu mzima, akagusa mashuka. Yalikuwa karibu makavu. Akatazama soksi, kila moja na mwenzake. Kisha akamgeukia mwenye nyumba.

«Bibi, mwizi hakunji.»

Mwanamke akaitia simu mfukoni. Mwishowe akasema hatashtaki. Halafu akazikusanya zile nguo zote, mbele yangu, akazitia tena kwenye mashine ya kufulia. Nilivaa viatu vyangu nikatoka mvuani. Polisi walikuwa wameniogopesha, lakini lile la mashine ndilo lililoniuma.

Msalimie dada Furaha na mumewe mwanajeshi, mjomba wa Goma, na mama jirani anayekusaidia kuuza. Baba usimwambie, atasema nirudi kesho.

Nilitaka kuishia hapo, ila sikuzoea kukuficha. Juzi mvua ilirudi. Nguo za jirani yetu, nyingine za mtoto wake mchanga, zilikuwa kambani hatua tatu tu kutoka mlangoni. Nilisimama dirishani, Mama, mikono nimeikunja kifuani, nikaziangalia zinalowa mpaka zikaanza kudondosha maji.

Niombee.

Binti yako,
Espérance