Tumepokea, Tutakupigia

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tunasukuma siku. Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na haya hayaenei kwenye ujumbe mfupi. Nampa muuguzi rafiki yako akuletee, maana anarudi huko kesho.

Nisikuzungushe. Hali ya mama ni mbaya.

Unajua kwamba tovuti ya kliniki ya meno niliitengeneza mimi, pacha wako alipokuwa mapokezi. Mtu akitaka miadi anajaza fomu: jina, namba ya simu, jino linalomsumbua. Akishabonyeza "Tuma" anapelekwa kwenye ukurasa wa shukrani, na hapo niliweka video fupi ya pacha wako. Amekaa mezani pake, anatabasamu, anasema, "Asante sana, tumepokea. Tutakupigia muda si mrefu." Ukurasa ule haufunguki hivihivi, lazima utume fomu kwanza. Baada ya mazishi yake hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa, hata daktari mwenyewe.

Mwezi uliopita fomu zikaanza kumiminika. Binti mpya wa mapokezi akipiga zile namba, watu wanamng'akia kwamba meno yao hayana neno. Mwenye nyumba wetu aliambiwa aje kung'olewa gego, akaja juu kweli, akitaka kujua ni nani kamchongea. Tulicheka. Kicheko kikakatika siku alipoletwa mzee mmoja, taya limemvimba mpaka hawezi kumeza mate. Yeye alituma fomu ya kweli, ikafukiwa na zile za uongo, hakuna aliyempigia. Ameponea chupuchupu. Daktari akaniita ofisini, akaniambia nimtafute anayefanya mchezo huo, la sivyo nitafute kazi kwingine.

Nilipoyapitia majina, nikayatambua. Wote ni majirani zetu. Na mmoja alikuwa marehemu baba, eti anaumwa jino.

Nikarudi nyumbani mchana uleule. Nilipofika mlangoni pa chumba cha mama, nikamsikia pacha wako anasema asante. Dada, nikausukuma mlango. Mama alikuwa kitandani, simu mkononi, chai ya asubuhi imepoa haijaguswa. Nikamwambia video hiyo nitamwekea kwenye simu yake, aitazame atakavyo. Akaniangalia kama ninayeongea upuuzi.

"Hiyo itakuwa picha tu, mwanangu. Huku natuma, na mimi najibiwa. Amesema atanipigia."

Tangu hapo hali chakula, halali usingizi. Kuoga mpaka nimbembeleze, anaogopa simu isije ikaita yuko bafuni. Mke wangu amejaribu kumlisha kwa kijiko kama mtoto, akageuza uso. Nikampigia shangazi, tukakubaliana kwamba akili zimemruka. Jana nikaiondoa ile video. Sasa ukituma fomu unapelekwa kwenye ukurasa wa maandishi matupu.

Leo asubuhi mama amevaa gauni la siku ya mazishi, akaenda kwa miguu mpaka kliniki. Akasimama mapokezi mbele ya wagonjwa, akaniuliza kwa sauti nimempeleka wapi mwanawe. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama, amekufa. Tulimzika."

Akanitandika kofi, na mimi na ndevu zangu.

"Unadhani sijui niliyemzika? Nilimvalisha mwenyewe! Pacha mwenzake je, naye mmemzika? Sauti yao ni moja. Aliponipigia baada ya mazishi, nikapotea, nikamwita kwa jina la marehemu, akakata simu. Mpaka leo. Sina pengine pa kumsikia."

Alikuwa akikusikiliza wewe, dada. Siku zote hizi.

Sasa acha nikwambie nisilothubutu kumwambia mama. Nilikuwa nimeshampangia siku hospitali ya wagonjwa wa akili, shangazi ameshafunga nguo zake. Hata sasa sijaifuta, kwa sababu mwenye akili timamu naye hufa kwa kutokula, na mimi sijui tena la kufanya. Amejilaza chumba cha pili, amekuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa.

Najua ulimwambia shangazi kwamba sauti yako inamuumiza mama. Mpigie. Akikosea jina, itika. Ukishindwa kusema kitu, mwambie asante tu. Nakupigia magoti, dada yangu.

Wabusu wanao. Mke wangu anakusalimu sana, shangazi pia. Mama hakunipa salamu za kuandika. Anasema zake atakupa mwenyewe, ukipiga.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba