Kabla Hujaiacha Timu

Columbus, Jumanne asubuhi

Mjukuu wangu Yonasi,

Bibi yako anakusalimu. Uvimbe wa goti lake umepungua. Shangazi yako amepata kazi ya kutunza wazee kule Gahanna. Mimi, tangu uniulize kama uiache timu kabla ya mechi ya Jumamosi, situlii. Hata barua hii nimeinuka mara kadhaa nikiiandika.

Nilipofika Louisville, nikiwa bado na nguvu, nilifanya kazi ghalani na Ramiro, golikipa mstaafu kutoka Meksiko. Karibu miaka yake yote ya mpira alikaa benchi, kama wewe sasa huko Buffalo. Kila mapumziko ya mechi alilowesha glavu zake ili zishike mpira vizuri, na mara nyingi zilimkaukia mikononi kabla hajaitwa.

"Sasa ulizilowesha ya nini?" nilimtania.

"Mzee Musa, nikiziacha kavu, nimeshajitoa mwenyewe. Kuniacha nje ni kazi ya kocha."

Siku moja kipa wa kwanza aliumia, Ramiro akaingia. Alifungwa mabao manne.

"Ukajuta?" nilimuuliza.

"Nilijutia mawili tu. Yale mengine hata wewe na mdomo wako usingeyadaka." Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi.

Sikuamulii, Yonasi. Nakuambia tu kwamba mtu yule alistaafu bila kinyongo na lile benchi. Jumamosi nitakaa karibu na simu. Isipolia mapema nitafurahi, maana nitajua bado uko uwanjani.

Babu yako,
Musa