Waya Chini ya Meza

Milimani, Nakuru.
Jumanne, 12 Agosti 2025.

Mdogo wangu Nangila,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto. Natumaini kifua chako kimetulia sasa baridi ya Julai imepungua. Mimi nipo. Nyonga hainiruhusu safari, lakini macho bado yanasoma maandishi madogo, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Jumapili ulinipigia simu kwa hasira, ukasema Ngigi, fundi wa kompyuta, amehongwa na Kipkirui ili mahakama isinisikie. Nakuandikia kabla ya kesi kusikizwa tena Alhamisi ya wiki ijayo. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na ungekuwa na haki.

Mara tatu nimeketi mbele ya ile kompyuta ya ofisi ya kanisa nitoe ushahidi kwa mtandao, na mara tatu sauti imepotea katikati. Wewe, ukiwa kwa wakili wako Bungoma, uliona midomo yangu ikicheza bila neno. Hakimu amesema ya nne ni ya mwisho. Bila ushahidi wangu, zile ekari mbili za marehemu mume wako, Jerry, zinabaki kwa Kipkirui.

Ngigi alianza na yaliyo rahisi. Alikagua spika, akakagua kama programu ya mkutano imeruhusiwa kutumia maikrofoni, akaleta maikrofoni nyingine, akafuta na kuweka upya programu inayoendesha sauti. Kila alipojaribu, alisikika vizuri. Alisema kitu kilichokufa kabisa hakimsumbui. Kinachokufa na kufufuka ndicho kinachomnyima usingizi. Mercyline, karani wa ofisi, alimcheka kwamba hata redio ya babu yake ikipigwa kofi huongea. Ngigi akamwambia basi ailete hiyo redio itoe ushahidi. Mchungaji hakucheka. Alimwambia Ngigi, kwa kushindwa mara tatu, asikanyage tena ofisini.

Kabla ya kuondoka, Ngigi aliingia chini ya meza akakaa huko kitambo. Alipotoka alisema polepole, "Mathe, hii mashine ni nzima. Nikikaa mimi inaongea, ukikaa wewe inanyamaza. Tundu la mbele la maikrofoni limelegea. Goti likigusa waya, unatoka kidogo." Nilimuuliza kama atamwambia mchungaji. Alijibu kwamba hiyo si kazi ya fundi, akabeba mkoba wake akaenda.

Nangila, ni goti langu. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Wakili wa Kipkirui aliniuliza nani aliandika mapatano ya kuuziana shamba, nikashtuka, nikagonga waya. Niliwaona wote kwenye skrini wakiinama kunisikiliza bila kusikia, nikapumua. Mara ya pili na ya tatu, swali lile lilipokaribia, niliusukuma waya kwa makusudi.

Mapatano yale niliyaandika mimi. Nilikuambia niliyaokoa ndani ya Biblia nyumba ikiungua, nilikudanganya. Niliyaandika Februari 2008, kule kambini tulikokimbilia kuepuka ghasia za uchaguzi, baada ya Jerry kunieleza, homa ikimmaliza, kwamba hakuwahi kununua lile shamba. Babake Kipkirui alimruhusu tu kulima, msimu kwa msimu. Jerry alipokuoa aliona haya kukwambia hana ardhi, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyozidi kumshinda. Aliniomba nisikuache mikono mitupu. Maafisa walikuwa wakipita kwenye mahema wakiulizia karatasi. Niliweka tarehe ya 1996, nikatia sahihi ya Jerry, na penye jina la mzee, ambaye hakujua kusoma, nikabonyeza kidole gumba changu mwenyewe.

Kipkirui alituficha siku tatu kwenye ghala lake la mahindi, vijana wa kwao wakimtukana mlangoni. Miaka hii yote umesema alitulinda ili tumwachie shamba kwa shukrani. Umesema hivyo kwa kuniamini mimi, na mimi nimekusikia na kunyamaza.

Jana nimemweleza mchungaji, na Ngigi amerudi. Ameuchomeka waya kwenye tundu la nyuma, nisikoweza kuufikia. Alhamisi hiyo nitaulizwa, na nitajibu. Najua mahakama huwafanyia nini watu wa aina yangu, na katika umri wa miaka sabini na minne sitegemei huruma. Wewe ndiye utakayepoteza zaidi. Sikutaka ulisikie hili kwa mara ya kwanza ukiwa umezungukwa na wageni. Kama huwezi kwenda kwa wakili siku hiyo, usiende.

Nisalimie Celestine, mwambie babake alikuwa mtu mwema aliyeogopa, na asimchukie kwa sababu yangu. Kile chumba ulichoniahidi katika nyumba ambayo ungejenga kule shambani, nimeshakitoa moyoni. Usiponijibu, nitaelewa. Ukiona huwezi tena kuniita dada, sitakulazimisha, lakini mimi sina jina lingine la kukutilia hapa chini.

Dada yako,
Namalwa