Shemasi Kornelio Mseti: Mwaka Bila Amani na Kisyeri

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache tarehe 9 Oktoba 1974, chini ya kibanda cha matawi, katika kijiji kipya hapa Nyarero ambacho hukupata hata wiki tatu za kukizoea.

Tunakukumbuka ukizunguka nyumba kwa nyumba kila ilipokaribia Meza ya Bwana, ukiuliza swali lako lile lile: una amani na watu wote? Mwenye kinyongo hukumwacha. Kwa Mokami na mkwewe ulishinda kutwa nzima, ukakataa hata uji, mpaka wakavua viatu, wakaoshana miguu mbele yako kuonyesha wamepatana. Wajane uliwalimia kabla hujalima kwako, na Mama alikununia kweli kweli.

Kisha ikaja Operesheni ya kutuhamishia vijijini. Ulikuwa umelala, unaumwa kifua. Ukamwomba balozi wetu wa nyumba kumi, Kisyeri, siku tano tu tumalize kuezeka kule tunakohamia. Mtu uliyemfundisha mwenyewe darasa la ubatizo! Akakataa, akapanda juu ya nyumba yetu ya zamani kuezua nyasi kwa mikono yake, wewe ukiwa ndani. Mvua ikakunyeshea.

Na bado ulituma aitwe ili umwoshe miguu, muachane kwa amani. Akajibu ana kazi ya taifa. Ulimngoja siku mbili, karai la maji likiwa kando ya kitanda. Siku ya tatu ukafa.

Sasa kanisani wamemchagua awe shemasi mahali pako. Alikuja kubisha hodi kwetu na swali lako mdomoni. Mama akamjibu: "Sina amani na wewe, Kisyeri. Kawaambie."

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba shemasi mwenye ugomvi na mshirika hagusi mkate wa Meza mpaka wapatane. Basi hajaugusa. Mchungaji amekuja mara tatu kutusihi. Kisyeri mwenyewe amelia mlangoni, tukamtazama tu. Sisi nasi hatuli Meza, na inatuuma. Lakini maadamu inamuuma na yeye, tumeridhika.

Tunajua ungetukemea. Wewe ungeshamwosha zamani. Utusamehe, Baba, sisi si wewe. Jumapili hii Meza inaandaliwa tena, na tutaketi wote benchi la mbele, viatu miguuni, atuone vizuri.

Unakumbukwa na mkeo Wegesa, wanao Heche, Teresia na Matiko, na dada yako Ghati. Wewe hatutakusahau maisha yetu yote. Na yeye hatutamsahau.